Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: Kipimo cha Dawa za Mitishamba

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima kuhusu jambo moja tu, nalo ni kipimo cha dawa za mitishamba zinazouzwa mjini mwetu, kuanzia Marikiti na Mji wa Kale hadi ng'ambo huko Kongowea.

Mbele yangu pana chupa ya habasoda iliyosagwa na kuchanganywa na asali. Karatasi iliyobandikwa ubavuni imejaa majina ya maradhi, toka presha hadi ugumba, lakini kuhusu matumizi inasema tu "kijiko kimoja asubuhi na jioni". Kijiko kipi? Cha chai huchukua mililita 5 na cha mezani 15, kwa hiyo majirani wawili wakisoma maelezo hayo hayo, mmoja aweza kunywa mara tatu ya mwenziwe na wote wakawa wamefuata maagizo. Wala haielezi kijiko hicho kina gramu ngapi za habasoda yenyewe, ilhali katika tafiti nyingi watu wazima wamepewa gramu 1 hadi 3 hivi kwa siku.

Sisemi dawa hizi zipigwe marufuku, nami nazitumia. Ila habasoda huweza kuteremsha sukari, na mgonjwa wa kisukari aliyekwisha kumeza vidonge vyake, kisha akaongeza vijiko kwa kudhani kuwa cha asili hakidhuru, yaweza kumshuka hadi akatokwa na jasho, akatetemeka na kuzirai. Asali nayo haifai kabisa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Yanayonitia hofu zaidi ni mafuta ya mwarobaini (mafuta, si majani), kwani wako watoto wachanga waliopatwa na degedege, na hata kufariki, baada ya kunyweshwa mililita chache.

Najua kusajili dawa ni kazi ya Bodi ya Dawa na Sumu. Hata hivyo, maafisa wako wa afya ya umma, ambao hukagua hoteli na mabucha, wangeweza kuwashauri wauzaji waandike gramu za kila kipimo, kiwango cha juu cha siku, na nani asitumie. Naomba pia wahudumu wa kliniki za kisukari na presha wamuulize kila mgonjwa, bila kumkaripia, anatumia dawa gani ya kienyeji na anaipima kwa kijiko kipi, maana wengi hunyamaza kwa kuogopa kufokewa.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Majengo, Mombasa