Muda wa utafiti uandikwe kwenye ratiba ya zamu

Mhariri,

Hospitali za kufundishia hupenda kujisifu kwamba zinalea madaktari watafiti. Mimi sisikilizi hotuba; huomba nionyeshwe ratiba ya zamu. Humo ndimo utakapojua kama daktari kijana aliyepata ruzuku ya utafiti amepewa siku ya maabara, au ameambiwa tu "jipange mwenyewe" huku jina lake likiwa wodini Jumatatu hadi Ijumaa, na zamu za usiku juu yake.

Nimesimamia vijana kadhaa wa aina hii. Siku yao ya utafiti huliwa kidogo kidogo: leo mwenzao anaumwa, kesho kliniki imefurika. Hakuna mbaya hapo. Mgonjwa hawezi kusubiri, data inaweza. Ila ikisubiri miaka mitatu, ruzuku imekwisha na kijana ameshahamia anakolipwa vizuri na kulala usiku. Simlaumu.

Ndiyo maana ruzuku za NIH, yaani Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, kwa madaktari watafiti wanaoanza, kama K08 na K23, kwa kawaida hudai angalau asilimia 75 ya muda wao wa kazi iende kwenye utafiti na mafunzo yake. Sharti hilo linaibana hospitali pia. Mahali pasipo na sharti, hata siku mbili kwa wiki zingetosha kuanzia, mradi ziandikwe na pawe na fungu la kumlipa daktari wa kuziba pengo. Bila fungu hilo, wenzake ndio watakaobeba zamu zake, na kinyongo kitaanzia hapo.

Mwaka 1929 daktari kijana Mjerumani, Werner Forssmann, alijipitishia mrija kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni, kisha akapigwa eksirei kuthibitisha. (Vijana wangu wasijaribu.) Hakupata pa kuiendeleza kazi hiyo, akaishia kwenye urolojia, tiba ya njia ya mkojo. Walioiendeleza ni madaktari Cournand na Richards kule New York, na Nobel ya tiba ya 1956 waliigawana watatu. Mwenye wazo alikuwa ameshaliacha zamani.

Wasimamizi wazuri tunao, na mafunzo ya kuandika maombi ya ruzuku si haba. Kinachokosekana ni saa. Wakurugenzi wa tiba wanaosoma barua hii, ratiba ya mwezi ujao bado haijabandikwa.

Daktari msimamizi wa mafunzo