Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: akiba haiozi, ila sisi tunaoza

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakusalimu. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za mwanzo nilizipitisha kwa wakubwa wangu kama utaratibu unavyotaka, na nadhani bado zinapita. Hii ya nne naiandika hadharani, huenda ikakufikia upesi zaidi.

Mimi ni askari wa akiba, mwaka wa kumi na moja sasa. Kilichonishikisha kalamu ni mguu wa mwenzangu. Wiki tatu zilizopita, siku ya pili ya mafunzo ya mwaka, tulikuwa tunaruka handaki. Buti lake la kushoto lilikuwa limeachama mdomo, kalifunga kwa waya ili soli isibaki njiani. Aliporuka, waya ukanasa kwenye gogo. Mfupa ulivyolia tuliusikia sote. Machela hakuna. Tukambeba kwenye turubai la lori.

Hospitali wakauliza nani analipa. Tukapiga simu kambini: huyo si mwajiriwa wetu, ni wa akiba. Tukampigia mwajiri wake: kaumia huko kwenu, mimi naingiaje? Yaani siku ile, Mheshimiwa, mtu mzima mwenye kombati mwilini, aliyeruka kwa amri ya sajenti wa jeshi, hakuwa na mwenyewe. Tulichanga. Hogo alilofungwa limelipiwa na watu ambao posho zao za mafunzo ya mwaka jana hazijatoka mpaka leo.

Mwaka juzi ulikuja kufunga mafunzo yetu. Nilikuwa mstari wa pili, juani, nikakusikia vizuri ukituita uti wa mgongo wa ulinzi wa taifa na kutuahidi bima katika bajeti ijayo. Tulipiga makofi sana. Bajeti mbili zimepita tangu siku hiyo. Mafunzo yaliyokuwa siku 21 yakashuka hadi 14, mwaka huu 5. Kwenye shabaha kila mmoja alipewa risasi tano, mkufunzi akatuomba tulenge vizuri kwa kuwa hakuna nyingine. Jirani yangu wa kushoto alizimalizia zake kwenye karatasi yangu, ndiyo maana mimi nimeibuka mlengaji bora wa kikosi. Asanteni kwa cheti.

Fedha zinakwama wapi? Nahisi fungu letu limechanganywa ndani ya fungu la jeshi zima, na kila mafuta yanapopanda au vipuri vinapohitajika, la kwanza kumegwa ni letu, maana askari wa akiba hayupo kambini kunung'unika. Ukifuta kambi moja ya mafunzo, wiki hiyo hakuna kinachoharibika. Uingereza nao walijaribu Oktoba 2009: walitaka kusimamisha mafunzo ya jeshi lao la akiba kwa miezi sita ili waokoe pauni milioni 20, huku watu wa akiba haohao wakipelekwa vitani Afghanistan. Kelele zikapigwa, na mwezi huohuo serikali ikarudi nyuma. Sisi wa kutupigia kelele hatuna.

Nasikia kuna wanaouliza akiba ni ya nini wakati nchi ina amani. Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera mwaka 1978, Tanzania haikwenda vitani na jeshi la kambini peke yake. Waliitwa wanamgambo, waliitwa vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), polisi na magereza, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Ufini yenye watu takriban milioni 5.5 inajipangia jeshi la vita la watu 280,000, na karibu wote ni wa akiba: leo mwalimu, kesho mpiga mizinga. Tunapendwa kwa sababu sisi ni rahisi, tunalipwa siku tunazoitwa tu. Lakini rahisi na bure ni vitu viwili. Urusi ilipowaita watu 300,000 mwaka 2022, familia zilionekana zikiwanunulia vijana wao buti na fulana za kuzuia risasi kwa fedha zao. Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wanazungumzia akiba iliyowekwa mahali pakavu.

Na kazi zetu je? Marekani ina sheria tangu 1994 inayomtaka mwajiri amrudishe kazini mtu aliyeitwa jeshini. Mimi mwaka jana nilirudi kutoka kambini nikakuta kiti changu kina mtu. Nikatoa barua ya mwito yenye mhuri. Bosi akaisoma mpaka mwisho, akasema imeandikwa vizuri. Tangu hapo naishi kwa vibarua, na mke wangu ameacha kuniuliza posho itatoka lini. Ukimya wake unaniumiza kuliko maswali.

Mheshimiwa, nilikuwa nimeandaa orodha ndefu: fungu letu lenyewe lisilomegwa, posho, bima, sheria ya kazi, buti. Nimeikunja, naiweka mfukoni. Leo naomba moja tu. Andika kwamba mwenzangu alikuwa kazini. Mstari mmoja na sahihi yako, kwamba siku ile, saa ile, pale kwenye handaki, alikuwa kazini. Hospitali watajua wamdai nani, na sisi wengine tutajua tukiruka tunaruka kwa niaba ya nani. Alikuwa kazini, Mheshimiwa. Hakuja pale kutembea.

Jumatatu nilikwenda kumwona. Magongo yameegemezwa ukutani, na mezani kuna barua mpya ya mwito wa awamu ijayo, imemfikia ndani ya siku nne. Inamtaka aripoti akiwa na afya njema na buti zake mwenyewe.

Wako mtiifu,
Askari wa akiba, bado niko kwenye orodha