Risala ya Kikundi cha Wakimbiaji Waliopona Kifua Kikuu kwa Mgeni Rasmi, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini, waganga na wauguzi, wazazi wetu, ndugu wakimbiaji, mabibi na mabwana,

Karibu sana Moshi, na ahsante kwa kuja kutuaga tunapoelekea Kilimanjaro Marathon. Wakimbiaji walioko mbele yako wamemaliza dawa za kifua kikuu. Watakwenda kilometa 21 kuchangia nauli za wagonjwa ambao bado wanameza.

Mheshimiwa, hapa nchini dawa hizo ni bure, lakini nauli si bure. Tiba ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Mgonjwa wa kijijini Rombo au Siha akikosa nauli ya kliniki mara mbili tatu, anaruka dozi, na vijidudu vinavyosalia vinaweza kujenga usugu dhidi ya dawa. Hapo tiba hubadilika na kuwa ngumu zaidi. Kibong'oto, hospitali iliyopokea wagonjwa wa kifua tangu mwaka 1926, inawafahamu wagonjwa wa namna hiyo.

Jambo linalotusumbua ni haraka. Makohozi yakishaonekana safi maabara, mtu anaambiwa amepona, akimbie. Makovu ya mapafu bado yapo, na mapaja yamenyauka kwa kulala. Kwa hiyo hatumruhusu mtu kuanza mazoezi bila kibali cha daktari na kipimo cha dakika 6: anatembea kwenda na kurudi kwenye mstari wa mita 30, kipima oksijeni kikiwa kidoleni. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 90, anasimama, anarudi kliniki.

Akifaulu, wiki ya kwanza ni kutembea dakika 15 mahali tambarare, siku tatu tu. Akifikisha dakika 30 bila kukohoa mfululizo, anaanza kukimbia dakika 1 na kutembea dakika 2, mara nane. Baada ya hapo umbali wa wiki hauongezwi zaidi ya sehemu moja ya kumi. Mwendo tunaupima kwa mdomo: mkimbiaji aweze kutamka sentensi nzima. Akianza kukata neno moja moja, anapunguza. Mapigo ya moyo ya asubuhi, kabla hajatoka kitandani, yakizidi ya kawaida yake kwa 10, siku hiyo hakimbii. Akikohoa damu, akibanwa kifua au akipata kizunguzungu, hakuna cha kujikaza, ni hospitali.

Miguu inahitaji jicho la pekee. Isoniazidi, moja ya dawa hizo, huweza kuacha ganzi kwenye nyayo, ndiyo maana wengine hupewa vitamini B6. Mwenye ganzi hasikii lengelenge likitoka wala kokoto iliyoingia kiatuni. Hivyo kabla na baada ya mazoezi anakaa chini, anavua soksi na kuzigeuza nje ndani, kisha anapitisha kidole cha mkono katikati ya vidole vya mguu. Asipoweza kuona unyayo, mwenzake anamtazamia. Viatu vingi tunavipata mitumba ya soko la Memorial hapa Moshi. Mwonekano wa juu unadanganya: bonyeza soli kwa gumba, na kama haibonyei wala hairudi, kiache, hata kama ni bei ya kutupa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa gumba.

Wengi wanaogopa sehemu ya mbio inayopanda kuelekea Mweka. Kupanda tunawaruhusu watembee. Kinachoumiza ni kushuka, kwa sababu mapaja dhaifu ndiyo yanayofunga breki kila hatua. Tunawafundisha hatua fupi, na mteremko wanaanza kuuzoea miezi miwili kabla. Maji wanywe kwa kiu. Anayejaza tumbo kila kituo anazimua chumvi ya damu, na kichefuchefu chake hudhaniwa ni uchovu wa jua.

Kuhusu fedha: mchangiaji akiahidi shilingi 1,000 kwa kilometa, mbio nzima ni shilingi 21,000. Ahadi hupotea baada ya mbio, watu wakisharudi kazini, kwa hiyo nusu tunaikusanya kabla, kwa risiti. Ada ya kujiandikisha kila mkimbiaji anajilipia mwenyewe. Senti ya mgonjwa haigusi fulana wala chai, na orodha ya nauli zilizolipwa itabandikwa ubaoni kliniki bila majina ya wagonjwa.

Mheshimiwa, tuna maombi matatu. Tunahitaji vipima oksijeni vitatu vya kidoleni; kilichopo ni kimoja, na foleni ya Jumamosi inafika saa mbili asubuhi jua likiwa tayari kali. Tunaomba muuguzi mmoja aruhusiwe kukaa nasi kwenye mteremko siku ya mbio. Tatu, utusaidie kuomba wenye mabasi ya Rombo na Siha wapokee kadi ya kliniki kama tiketi, nasi tuwalipe kila mwisho wa mwezi.

Tunaomba kuwasilisha.