Yule mzee wa miavuli

Kwako shoga yangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Habari za Malindi? Watoto hawajambo? Na mama je, miguu imepoa? Sisi huku wazima, ila mvua ya mwezi huu imetutia adabu, maji yameingia hadi chini ya kitanda cha bibi. Najua nimekunyamazia tangu Idi, una haki ya kununa. Basi nuna huku unasoma, maana nina shida nawe.

Unamkumbuka yule mzee fundi miavuli, kando ya Marikiti? Siku ile ulinibebea begi ukalalamikia jua njia nzima. Alikuwa ameufungua mwavuli mweusi wa mteja juu ya kichwa, anautazama kwa ndani atafute palipotoboka, na yale matundu yakammwagia vitone vya mwanga usoni. Kimoja kikatua pembeni mwa jicho kama chozi. Sindano kaibana mdomoni, uzi umening'inia hadi kidevuni. Nilipiga picha tatu tu, na ya pili ndiyo yenyewe. Ruhusa niliomba, wewe shahidi, akasema, "Piga mwanangu, mradi usinicheleweshe."

Kisha nikachutama pale nikamwuliza hili na lile, na katikati ya maneno akasema, "Sina mtu, mwanangu." Hilo ndilo nililolidaka. Nikafika nyumbani nikaandika chini ya picha: "Hana mtu. Ana miavuli ya watu tu." Wallahi nilijiona malenga! Watu wakaipitisha simu kwa simu, wengine wakaniandikia kwamba wamelia.

Juma lililopita kanipigia kijana. Hakuna salamu. "Wewe ndiye uliyemwandika babangu kuwa hana mtu? Sisi saba ni nani, paka?"

Saba, Zuhura! Na mama yao yu hai, anapika mahamri kila alfajiri. Mzee alikuwa anasema hana kijana wa kumshikia kazi, yule aliyekuwa naye kaenda kuendesha tuktuk. Basi! Hata fundi cherehani wetu kila Idi hutwambia, "Nguo haijawa tayari, sina mtu," na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumlilia.

Ningesema ni kosa dogo, lakini watu wema wameanza kumwendea. Kapelekewa pakiti nne za unga na blanketi, mbele ya wateja. Kaupeleka unga nyumbani, mkewe kamwuliza, "Kwani mimi nakulaza na njaa?" Mkwe wao wa Kwale naye kapiga simu kuuliza kulikoni. Kijana akanitajia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nami nimenyamaza kama niliyemwagiwa maji. Picha nimeiondoa, lakini iliyokwisha ingia simu za watu utaiitaje irudi?

Kibwana asema niache, yatapita. Kibwana hupiga picha za harusi, wateja wake humlipa na kumlisha biriani, atajua nini.

Kinachonikera, lile neno sikulisikia vibaya. Nililisikia sawasawa, nikalipenda, nikaogopa kuuliza la pili lisije likaniharibia. Hapo ndipo ninapokwama kila usiku.

Unaikumbuka ile picha ya mama wa Kimarekani tuliyosomeshwa, aliyoipiga Dorothea Lange, 1936, kule California, watoto wamemwegemea wameficha nyuso? Mwalimu alitwambia habari za mwanga na ule mkono shavuni. Hakutwambia kwamba Lange hakumwuliza hata jina. Jina lenyewe, Florence Owens Thompson, lilikuja kujulikana 1978, na mwenyewe akasema anatamani asingepigwa ile picha. Maelezo yalisema wameuza matairi ya gari wapate chakula. Mwanawe mmoja akakana: wangeuza matairi, wangeondokaje pale? Nami nikajipoza, nikasema mimi angalau jina niliuliza. Nikafungua daftari. Niliuliza, sikuliandika.

Bibi naye kanimaliza. Unaijua ile picha yake ya ujana, ya studio ya Parekh, kasimama na mkoba? Zama zile mtu huvaa akaenda mwenyewe, akaamua asimame vipi. Mkoba ule aliazima kwa mamake Fauzia, na hadi leo hakubali kwamba ni wa kuazima. Nikamwambia, basi na wewe bibi uliongopa. Akanitazama: "Uongo wangu, na pesa zangu." Akarudi kwenye uradi wake.

Ile picha ya pili ya mzee nimeisafisha, kubwa, karatasi nzuri (bei usiniulize). Nataka kumpelekea, na maneno ya chini ayaseme yeye, hata akitaka pasiwe na neno. Lakini peke yangu siwezi. Nimepita pale mara mbili, nikajifanya nanunua ndimu. Nina ndimu za kufungulia duka.

Njoo Jumamosi, shoga. Hivi siku ile alilisema lile neno kabla sijamwuliza habari za kazi, au baada? Wewe ulikuwa nyuma yangu, ulimwona uso? Ulikuwa unarekodi, au ulikuwa na simu yako tu kama kawaida yako? Jina lake hulikumbuka hata kidogo? Nianze na mzee mwenyewe au nipitie kwa mkewe? Na nibebe nini, maana unga ndiyo basi tena?

Na ule mwavuli wako wa zambarau, uliokatika chuma kimoja, bado unao? Uje nao. Tutaanzia hapo.

Wako,
Mwanaisha