Kumuota mama sio deni la mganga

Mhariri naomba nafasi kidogo. Huku kwetu Dodoma mtu akimuota mama yake aliyefariki utasikia anaambiwa mara anakuita, mara umelisahau kaburi, mwisho anapelekwa kwa mganga atoe hela, hili linaniuma sana mana kuna watu wanauza mpaka mbuzi kwa ajili ya ndoto. Mbona kwingine wana maelezo mengine? Wazulu kule Afrika Kusini wanaamini waliotangulia wanaongea na watoto wao kupitia ndoto, kwao ni kama wametembelewa. Waislamu wamefundishwa ndoto ziko za aina tatu, ya Mungu, ya shetani na ya mawazo ya mtu mwenyewe, na ukiota mbaya usiisimulie. Freud, daktari wa mambo ya akili wa Austria, mwaka 1900 akasema ndoto ni matamanio yaliyofichika, hapo kwa mama mi simkubali kabisa. Mfiwa kumuota marehemu ni jambo la kawaida jamani, wala sio ugonjwa, mtu amemmiss mama yake basi. Mhariri, watafuteni wataalamu wa hospitali ya akili ya Mirembe, mapadri na masheikh, waelezeni watu bure.

Msomaji wenu, Chang'ombe, Dodoma