Barua kwa vijana wangu mnaoandika kuhusu Maji Maji

Wanangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Visa vyenu mlivyonitumia nimevisoma vyote na nimefurahi sana kuona mnaikumbuka vita ya mababu zenu, ile ya kusini dhidi ya Mjerumani. Ila kuna kitu lazima niwaambie, maana Kinjikitile wenu nyote, yule mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, ni yuleyule, ana mashaka moyoni, anapigwa gerezani, anakataa kusema maji yalikuwa uongo. Huyo mmemchukua kwa Ebrahim Hussein, kwenye tamthiliya yake ya Kinjeketile.

Sasa sikilizeni. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita haijamaliza hata mwezi tangu Wamatumbi wang'oe ile pamba ya Mjerumani pale Nandete. Yaani hakuona watu wanavyoanguka kwa bunduki za rashasha kule Mahenge mwisho wa mwezi huohuo, wala hakuona Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni, anavyonyongwa pamoja na wenzake mwaka 1906. Kwenye tamthiliya lakini yupo mpaka mwisho, anashuhudia maji yanashindwa, alafu anaulizwa. Kwanini? Angalieni kitabu kimetoka lini: 1969, uhuru una miaka minane, Azimio la Arusha lina miaka miwili, makabila zaidi ya mia yanajifunza kuwa nchi moja na watu wanajiuliza wale wazee walikufa bure au vipi, na swali kama hilo linataka mtu wa kulijibu, basi mwandishi akamwacha mzee aishi ili ajibu. Na hakuficha, mwanzoni kabisa mwa kitabu alisema huyu ni mtu wa kubuni. Hiyo ni kazi kubwa na mimi naiheshimu mno, ila ni jibu la swali la 1969.

Mwangalieni pia Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, yeye aliitungia vita hiyohiyo utenzi, ukachapwa 1933, mkoloni bado yupo. Vita ni moja lakini huyu hakuwa na Tanzania kichwani, maana haikuwepo.

Kwa hiyo nawauliza nyinyi mnaoandika leo, swali lenu ni lipi? Mbona mnarudi kujibu la babu zenu?

Mimi nikisoma habari za vita ile kinachoniuma zaidi ni njaa. Mjerumani alipoona watu wamekimbilia porini akachoma vijiji, akachoma mazao na maghala, akawaacha wafe wenyewe. Wakoloni walisema waliokufa ni 75,000, watafiti wa baadaye wengine wanafika mpaka 300,000, na wengi wao hawakupigwa risasi jamani, walikosa chakula. Wengi ni kina mama na watoto. Hao kwenye visa vyenu hawamo hata mmoja, wapo wapiganaji tu na maji na mikuki.

Nendeni Umatumbi, nendeni Ungoni, kaeni na bibi zenu kabla hawajaondoka, msiwaulize nani alipigana, waulizeni bibi zao walikula nini mwaka ule, mizizi gani, walichimba wapi, mtoto yupi alibebwa na yupi aliachwa. Na nyumbani kwangu mlango uko wazi, mkishaandika njooni mnisomee.