Barua kwa mwanangu: Chake na Wete, na Bibi ndani ya gari

Wete, Pemba, Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku wazima, Alhamdulillahi. Bibi yako naye mzima, ila goti lile ndiyo hivyo tena. Tangu juzi anauliza gari yako ina rangi gani. Nimemwambia nyeupe. Kasema nyeupe haifichi tope, kisha hapo hapo akaanza kupanga atakaa kiti kipi.

Ujumbe wako nimeusoma. Wasema Ijumaa ukitoka kazini saa kumi uje umchukue, mrudi Chake usiku huo huo, maana simu imekuonyesha ni kilomita 30 hivi, hata saa nzima haifiki. Sawa, kilomita ni hizo hizo tangu mimi nikiendesha gari ya 606, daladala ya Chake na Wete, na wewe ukilala kwenye kiti cha nyuma. Lakini safari hii ipange kwa jua na kwa Bibi. Hesabu ya kilomita iweke kando.

Ijumaa iache. Ukitoka saa kumi utafika hapa karibu na magharibi, na Bibi hatoki nyumbani kwenye magharibi hata kwa dawa. Mpaka asali, ale, atafute miwani, aage majirani, ishakuwa isha. Mtaondoka usiku, na usiku wa njia zetu unaujua: baiskeli haina taa, mwenye baiskeli kavaa nguo nyeusi, na mbele yake gari la ng'ombe limebeba makuti, halina hata kipande cha kioo cha kung'aa nyuma. Ng'ombe wenyewe wakilala kwenye lami hawaondoki, lami ya usiku ina joto, wameshaipenda. Mimi siku zangu za mwisho kazini nilikuwa sipakii abiria wa baada ya isha, na waliokuwa wakinicheka walikuwa vijana.

Njoo Jumamosi. Toka Chake saa moja na nusu au saa mbili asubuhi. Ukipita Machomane utakutana na watoto wanaokwenda chuoni, wamejipanga kando ya njia na juzuu zao, na wa mwisho siku zote ndiye anayekata njia bila kutazama. Gombani hapo uwanjani uliza kwanza kama kuna mechi siku hiyo. Hukuwepo wewe Januari 2025, siku Zanzibar tulipoifunga Burkina Faso mbili kwa moja kwenye fainali ya Kombe la Mapinduzi. Wallahi ilikuwa rahisi kuivuka bahari kuliko kuvuka Gombani.

Sasa njia. Kuja, ukiwa peke yako, pita njia ya zamani. Nataka uijue kwa mikono yako, maana hii ndiyo iliyokulisha. Ina kona na vilima, unapanda kwenye mikarafuu, unashuka kwenye bonde la mpunga, unapanda tena. Kidike kwa popo ni upande huo huo. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuwatazama, kwa kuwa popo wa Pemba hapatikani popote pengine duniani, na wewe uliyezaliwa hapa nina hakika hujawahi kusimama. Simama basi, dakika kumi tu. Wananing'inia mitini mchana kutwa wakigombana.

Gari yako haina klachi, kwa hiyo nisikilize vizuri. Kwenye mteremko usikanyage breki toka juu mpaka chini. Breki zikipata moto zinalegea, na pua itapata khabari kabla ya mguu. Ukifika kichwani mwa mteremko vuta gia kwenye L, au 2 kama ipo, injini yenyewe iishike gari, na breki uiguse tu panapotaka. Kwenye kona piga honi, hata kama unaona aibu. Huku honi si matusi kama huko ulikosomea.

Kurudi na Bibi, pita njia mpya. Toka Wete uende ukaishike ile inayotoka Konde, kisha teremka nayo kusini mpaka Chake. Ni pana, imenyooka zaidi, na tumbo lake halitapinduka. Najua utasema ya zamani ina kivuli. Kivuli hakimsaidii mtu anayetapika.

Jambo ninalolihofia zaidi ya yote ni karafuu. Huu ni msimu, na njia nzima utakuta majamvi yametandikwa ukingoni, mengine yameingia kwenye lami kabisa. Usikasirike. Mtu aliyekaa usiku kucha anachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, huku, anatafuta pahali penye jua, na lami inakausha haraka kuliko udongo. Jua likiwa zuri ni siku tatu nne, karafuu inatoka kwenye wekundu ule na ukijani inakuwa kahawia, ukiivunja inalia. Tairi likipita juu yake vichwa vinakatika. Karafuu isiyo na kichwa ikifika kituoni kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali, inashushwa daraja, na kushushwa daraja ni pesa ya ada ya mtoto. Kwa hiyo hata kama jamvi limekuzibia nusu ya njia, wewe ndiye utakayesimama usubiri anayekuja apite, kisha ulizunguke.

Na tazama mbingu. Mawingu ya vuli yakianza kukusanyika, punguza mwendo papo hapo, hata kama barabara nyeupe haina mtu. Tone la kwanza likidondoka tu, utaona watu wanatoka nyumbani mbio, wanawake, watoto, wazee, wote macho yao kwenye jamvi, hakuna hata mmoja anayetazama gari. Mtoto anashika pembe moja ya jamvi, mama yake pembe ya pili, wanarudi kinyumenyume kuingia njiani. Karafuu ikilowa inavunda, wanalijua hilo, wewe hawakujui. Hapo simama kabisa. Ukiweza, shuka uwasaidie kukunja. Utachelewa kidogo na utaombewa dua ambayo huwezi kuinunua.

Jambo jengine la msimu huu. Kuna ndugu zetu watakaojua kwamba unakwenda Chake na gari tupu. Mmoja atakuja na gunia, atakwambia "nipitishie tu hili". Ukilisikia linanukia karafuu, mwambie kwa adabu kwamba baba kakataza. Karafuu mnunuzi wake ni ZSTC, kituo kipo hapa hapa Wete, basi hiyo ya kupitishwa inakwenda wapi? Ukisimamishwa na askari njiani na gunia ndani ya buti, Bibi pembeni, utaeleza nini? Karatasi zako mwenyewe ziweke pamoja: leseni, bima, leseni ya njia. Usizitafute huku askari amesimama dirishani, unaonekana mwizi kabla hujasema neno.

Bibi mweke mbele. Kiti kirudishe nyuma mpaka mwisho kabla hajapanda, aingie kwa kukaa kwanza, kisha miguu. Akishakaa, tazama chini ya mlango. Buibui lake lazima litabaki nje. Nimeshamfikisha Bandarini na pindo limeburuzwa njia nzima, limekuwa rangi ya udongo, na nilikula maneno wiki mbili. Mkanda mfungie wewe, atalalamika unamkaba, mwambie ni sheria. Kipoza hewa usikiwashe, anasema kinaingia kwenye mifupa. Fungua kioo kidogo, na ndimu atakuwa nayo mkononi, usimcheke akiinusa.

Pia uelewe hivi: yeye hatakwambia "simama". Atasema, "Hapa pana ndugu zetu." Maana yake simama. Nyumba ya kwanza shuka naye, amkia, kunywa maji, ondokeni. Nyumba ya pili mwambie mapema kwamba mtaamkiana kwenye gari. Ya tatu usiione. Nisipokwambia hivi mtalala Ole, hapo katikati ya njia.

Kwa hiyo ukifika hapa saa tatu, kula, pumzika, tusali adhuhuri, muondoke saa nane. Hapo hata mkisimama mara ngapi mtakuwa Chake kabla jua halijazama, na njia yote mtaiona kwa macho yenu. Mkikuta mvua kubwa bondeni, maji yamevuka njia na huoni chini, msubiri. Usifuate gari iliyotangulia eti yeye kapita; huenda gari yake ni ndefu kwenda juu kuliko hiyo yako, ambayo hata paka akilala mbele inamgusa.

Mafuta jaza Chake Ijumaa jioni, na upepo wa matairi upime siku hiyo hiyo, pamoja na la akiba. La akiba watu hulisahau mpaka siku wanapolihitaji. Mama yako kaomba umletee unga wa ngano na ile sabuni uliyoleta mara ya mwisho, jina halikumbuki, ya boksi la buluu.

Mzigo wa Bibi mpaka sasa ni mkungu wa ndizi, muhogo kwenye polo, mkeka wake wa kusalia, na dumu la mafuta ya nazi ambalo nimelifunga kifuniko kwa nailoni mara mbili. Kuna na jogoo. Anasema ni zawadi ya nyumba yako mpya na lazima afike hai. Jogoo nimemkataza asipande gari. Ukimkuta ndani ya buti na miguu imefungwa, ujue nimeshindwa, na umwachie nafasi ya kupumulia.

Wasalaam,
Baba yako